Kiasamia na Kalamu Yangu Nyekundu

Nianze kwa kukiri kwamba sikukusudia kukisoma Kiasamia. Nilipopata ufadhili wa kusoma fasihi linganishi nchini India kwa mwaka mmoja, nilitarajia kupelekwa Delhi au Pune, miji ambayo Wakenya wengi wamepata kuisomea. Barua ilipofika ilitaja Guwahati. Niliutafuta mji huo katika ramani nikaukuta mbali kaskazini-mashariki, ng'ambo ya ile sehemu nyembamba ambapo India imebanwa baina ya Nepal na Bangladesh, ukingoni mwa mto Brahmaputra. Hilo ndilo jimbo la Assam. Kabla ya hapo jina hilo nilikuwa nimelisikia kuhusiana na majani ya chai tu. Na waama, chai yetu hii ya Kericho na Limuru kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya mchai wa Assam.

Mama mdogo alipopata habari hizo alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "wenzako huenda India kutibiwa, au kusomea udaktari. Wewe waenda kusomea lugha ya watu! Kwani hicho Kiswahili ulichokisomea miaka yote hii kimekupa nini?" Nilicheka, maana sikuwa na jibu. Wanafunzi wa Kiswahili watakaoyasoma haya wanalijua swali hilo, na wanajua kwamba huulizwa na watu wanaotupenda.

Nililokuwa silijui ni kwamba swali lenyewe lilikuwa limetangulia kufika Guwahati. Katika juma la kwanza, nikiwa nimeketi kwenye kantini ya Chuo Kikuu cha Gauhati kule Jalukbari pamoja na wanafunzi wa uzamili wa Kiasamia, mmoja wao aliniambia kwamba baba yake amekataa kuwaeleza majirani mwanawe anasomea nini. Husema tu, "Yuko chuoni." Wenzake waliangua kicheko, kila mmoja akatoa kisa chake. Mwingine alikuwa ameambiwa kwamba lugha ya mama haihitaji kusomewa kwa kuwa hunyonywa pamoja na maziwa. Niliwasimulia ya mama mdogo. Tangu siku ile sikuwa mgeni tena, ingawa lugha yao nilikuwa sijui hata salamu.

Niseme machache kuhusu lugha yenyewe, maana ndiyo iliyoniteka kabla ya fasihi yake. Wenyewe huiita Okhomiya, na hiyo kh ni ile ile ya Khamisi na makhluku. Lugha nyingi za kaskazini mwa India zina s na sh pale ambapo Kiasamia kina kikwamizo hiki cha kaakaa laini, hata jina la jimbo lenyewe kinywani mwao si Assam bali Okhom. Wanafunzi waliotoka majimbo mengine ya India walihangaika nayo mno. Mimi niliitamka siku ya kwanza bila taabu, mwalimu akauliza kama nimewahi kuishi huko. Nilimwambia kwamba nimekulia karibu na Waswahili. Hapa nitatumia jina Kiasamia kwa sababu ulimi wa Kiswahili unalipokea kwa urahisi. Kwa mujibu wa sensa ya India ya mwaka 2011, wanaokizungumza kama lugha ya kwanza ni zaidi ya milioni 15.

Mwandiko wake ni ule ule wa Kibengali, isipokuwa herufi mbili: ile ya r na ile ya w. Herufi mbili tu! Lakini Mwasamia akiliona bango mahali fulani, macho yake huitafuta kwanza hiyo r, ajue kama ameandikiwa yeye au ameandikiwa jirani. Katika kompyuta, mfumo wa kimataifa wa herufi umeuorodhesha mwandiko wote kwa jina la Kibengali, na nimewasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakilizungumza jambo hilo kwa uchungu kana kwamba ni shamba la urithi lililoandikishwa kwa jina la mtu mwingine.

Kiasamia hakina ngeli kama zetu, ila kina viainishi, yaani viambishi vinavyofungamanishwa na nomino au na nambari kuonyesha kitu ni cha namna gani. Kitabu ni kitapkhon, mto ni noikhon, kwa kuwa -khon huandamana na vitu vilivyotandaa; nyumba ni ghorto, na mtu wa heshima ni manuhzon. Nilidhani mtu aliyelelewa na A-WA na KI-VI hawezi kutishwa na haya. Siku moja nikasimama darasani nikamtaja mwalimu mmoja wa kiume kwa neno xikhokto badala ya xikhokzon (hiyo x ndiyo kh yetu). Darasa zima likacheka hadi machozi. Kiambishi -to si tusi, lakini kumtajia mwalimu ni kama mtu asimame katika mhadhara wetu aseme "kijalimu kimeingia". Nikaelewa papo hapo, maana na sisi tunalo: tukimtoa mtu katika ngeli yake tukamweka katika ya vitu, tumemdunisha, na tukimpeleka katika ya majitu tumemtisha.

Jambo lililonigusa zaidi ni majina ya ukoo. Baba ni deuta, lakini deuta ni babangu; babako, kwa mtu ninayelingana naye, ni deutara, na babake ni deutak. Nomino yenyewe hubadilika mwisho wake kwa kutegemea baba ni wa nani. Mwalimu wetu wa sarufi (walimu wa kike huko huitwa baideu, yaani dada mkubwa, hata akiwa profesa) alitueleza kwamba ni vigumu kupata lugha jirani zenye mtindo huu. Niliinua mkono, nikaandika ubaoni: mamangu, mamako, mamaye, mwanangu, mwanao, mwanawe. Baideu aliyatazama maandishi yale kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba basi kwetu vilevile hakuna mama aliye mama tu, asiye wa mtu.

Ukanushaji nao ulinipa furaha ya kitoto. Kikanushi ni n- pamoja na irabu inayoiga irabu ya kitenzi: likhe, anaandika, hukanushwa nilikhe, buje, anaelewa, ni nubuje, dekhe, anaona, ni nedekhe. Sisi tunaosema pikia lakini somea hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Sidai kwamba lugha hizi mbili zina udugu wowote, hasha. Kiasamia ni cha ukoo wa Kihindi-Kiarya, Kiswahili ni Kibantu, na mwenye kutaka kuziunganisha atapata aibu. Nasema tu kwamba niliyajua yaliyo yangu vizuri zaidi nilipoyaona kwa watu.

Tukija kwenye historia, msomaji aliyewahi kuandika insha juu ya chimbuko la Kiswahili atajihisi nyumbani. Waingereza waliitwaa Assam mwaka 1826 kwa Mkataba wa Yandabo, baada ya vita vyao na Burma. Mwaka 1836 Kibengali kikafanywa lugha ya mahakama na shule katika bonde lote. Hoja iliyotolewa ni kwamba Kiasamia si lugha bali ni lahaja ya Kibengali, iliyoharibika. Masimulizi ya mitaani huwalaumu makarani wa Kibengali walioletwa na serikali. Baadhi ya wanahistoria husema lawama iwaendee maafisa wa Kiingereza, waliotaka urahisi wa kutawala. Iwavyo iwavyo, kwa miaka 37 mtoto wa Kiasamia alisomeshwa, na baba yake akahukumiwa, kwa lugha ya jirani.

Mwaka huo huo wa 1836, Wamarekani wa Kibaptisti, Nathan Brown na mpiga chapa Oliver Cutter, walifika Sadiya wakiwa na mtambo wa kuchapishia. Hawakuwa wamewakusudia Waasamia. Walikuwa wakiwaendea Washan, na kupitia kwao China. Niliposikia hayo nilimkumbuka Krapf wetu, aliyefika Mombasa mwaka 1844 huku moyo wake ukiwa kwa Waoromo. Wote wawili njia iliwafungikia, wakageukia lugha waliyoikuta njiani. Brown alitoa sarufi ya Kiasamia mwaka 1848, Krapf akatoa ya Kiswahili mwaka 1850. Kamusi ya Miles Bronson ikatoka mwaka 1867, ya Krapf mwaka 1882. Tofauti ni kwamba wamisionari wa Assam walianzisha mapema, mwaka 1846, gazeti la kila mwezi lililoitwa Orunodoi, yaani Mapambazuko, likichapishwa Sibsagar. Walikuja kuhubiri, na waliobatizwa walikuwa wachache. Waliofunzwa kusoma nathari ya lugha yao walikuwa wengi.

Hata hivyo, mtu niliyempenda katika kipindi hiki ni Anandaram Dhekial Phukan. Mwaka 1855 alitoa kijitabu kwa Kiingereza, asitie jina lake ila "mwenyeji" tu, akieleza kwamba Kiasamia ni lugha kamili yenye maandishi ya karne nyingi, na kwamba kumfunza mtoto kwa lugha asiyoijua ni kumnyima elimu. Aliyapanga majina ya vitabu vya kale kama wakili anavyopanga vielelezo. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao sasa. Alifariki mwaka 1859 kabla ya kutimiza miaka 30, na Kiasamia kilirudishwa shuleni na mahakamani mwaka 1873, yeye akiwa kaburini miaka 14.

Lakini ushindi wa sheria haukuwa ushindi wa fasihi, na hapa ndipo naomba wanachama wa chama chetu wanisikilize kwa makini. Assam ya wakati huo haikuwa na chuo kikuu. Cotton College ya Guwahati ilikuja kufunguliwa mwaka 1901, na Chuo Kikuu cha Gauhati mwaka 1948. Kijana aliyetaka elimu ya juu alikwenda Calcutta, kitovu cha Kibengali, mji ule ule ambako lugha yake ilihesabiwa kuwa lahaja. Vijana hao walikuwa wakikaa pamoja katika mabweni ya kupanga, wakikutana jioni kwa chai na mazungumzo. Mwaka 1888 mikutano hiyo ya chai ikageuka kuwa chama cha kuiendeleza lugha ya Kiasamia, na mwaka 1889 chama kikatoa jarida, wakaliita Jonaki, Mbalamwezi. Mhariri wake wa kwanza, Chandrakumar Agarwala, alizaliwa mwaka 1867. Lakshminath Bezbaroa alikuwa wa mwaka 1864. Hemchandra Goswami, aliyekuja kuandika soneti ya kwanza katika Kiasamia, alizaliwa mwaka 1872. Chama kilipoundwa alikuwa kijana wa miaka 16 hivi.

Nisomeapo haya huwa naliona jarida letu. Naona kurasa zetu zilizopigwa stepla upande mmoja, tahariri inayoomba radhi kwa kuchelewa kwa toleo, mweka hazina anayewafuata wanachama koridoni kwa ajili ya ada. Jonaki lilikuwa jambo la aina hiyo hiyo. Halikuwa na wizara nyuma yake, wala shirika, ila wanafunzi waliokuwa mbali na nyumbani. Leo kipindi kizima cha fasihi ya Kiasamia, kile cha ulimbwende, kinaitwa kwa jina la jarida hilo. Katika mtihani huulizwa: "Jadili sifa za Enzi ya Jonaki." Hebu fikiria mtahiniwa wa miaka mia ijayo akiulizwa kujadili sifa za enzi ya jarida hili, mweka hazina wetu akiwemo!

Bezbaroa baadaye alioa katika ukoo wa Tagore, ukoo mashuhuri kupita wote katika fasihi ya Kibengali, na bado akaendelea kuandika Kiasamia hadi alipofariki mwaka 1938. Na Calcutta yenyewe, katika miaka ya 1920, chuo kikuu chake kilichapisha diwani kubwa ya maandishi ya Kiasamia iliyokusanywa na huyo huyo Goswami. Mwaka 1941 Banikanta Kakati akachapisha uchunguzi wake wa asili na maendeleo ya lugha hiyo, aliokuwa ameuwasilisha huko huko Calcutta, na baada yake mtaalamu wa kukiita Kiasamia lahaja ya Kibengali akawa hana tena pa kusimama.

Darasani tulisoma mengi ambayo siwezi kuyaeleza yote. Tulisoma Ramayana ya Madhava Kandali ya karne ya 14. Tulisoma tamthilia za Sankardev, mtakatifu na mshairi aliyefariki mwaka 1568, ambazo hadi leo huigizwa usiku kucha katika kumbi za sala za vijijini. Tulisoma riwaya ya Mamoni Raisom Goswami juu ya wajane wa Kibrahmani, iliyoandikwa kwa kuchanganya lugha sanifu na lahaja ya kusini mwa Kamrup. Hapo nilipata kujua kwamba Kiasamia sanifu kimejengwa juu ya lahaja ya mashariki, ya Sibsagar, kule ulikokuwa mtambo wa wamisionari, ilhali Guwahati yenyewe imo katika eneo la lahaja ya magharibi, Kikamrupi. Mwenyeji wa hapo hapo chuo kilipo huzungumza nyumbani kwa namna ambayo darasani huchekwa. Niliwaeleza habari za mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita na Kiamu, lahaja za Muyaka na za tenzi, zikaachwa nje ya mlango. Hawakuhitaji maelezo marefu.

Kisha tukasoma Tejimola. Ni ngano iliyomo katika mkusanyiko wa Bezbaroa wa mwaka 1911, hadithi za ajuza. Mfanyabiashara anasafiri, anamwacha bintiye na mama wa kambo. Mama wa kambo anamponda mtoto yule kwa kinu cha kukanyagwa kwa mguu, kidogo kidogo, mkono kwanza, kisha mguu, kisha kichwa. Pale alipofukiwa unaota mung'unye. Mtu akija kuchuma, mung'unye unaimba kujitambulisha. Unang'olewa na kutupwa, unaota mti wa jamii ya ndimu, nao unaimba. Unakatwa na kutupwa mtoni, linachanua yungiyungi, na baba akirejea na mashua yake ananyosha mkono kulichuma, nalo linaimba. Ndipo baba anapomjua bintiye. Kila mara anayeimba ni yule yule, na kila mara wimbo ndio unaomwokoa asichumwe kama kitu kisicho na jina.

Baideu alitutaka tueleze kazi ya wimbo katika ngano. Wenzangu walijibu. Mimi, niliyeandika ukurasa mzima juu ya suala hilo hilo katika mtihani wangu wa shahada ya kwanza, nilishindwa kufungua kinywa. Nilikuwa nimekumbuka jambo nililolifanya mwaka 2019, na sikulipenda.

Nitalieleza, ila kwanza nimalize ya Guwahati, kwa kuwa mambo haya mawili yalikuja pamoja. Tarehe 3 Oktoba 2024 serikali ya India ilitangaza kwamba Kiasamia, pamoja na lugha nyingine nne, kimeingizwa katika orodha ya lugha zenye hadhi ya kale. Bwenini palikuwa na furaha kubwa. Chai ililetwa, na tamol, ile popoo inayotafunwa pamoja na jani lake, tambuu kwa hakika, kama itafunwavyo Lamu na Mombasa. Watu walikumbatiana. Mwanafunzi mmoja tu, kijana kutoka wilaya za magharibi kabisa, alikunywa chai yake akatoka nje. Nilimfuata barazani.

Aliniambia kwamba nyumbani kwao husema Kirajbongshi. Wataalamu wa Kibengali hukiita lahaja ya Kibengali. Wataalamu wa Kiasamia hukiita lahaja ya Kiasamia. "Phukan tunamsoma," alisema, "na mimi humpenda. Lakini kila hoja aliyoitoa mwaka 1855 mimi naweza kuitoa leo dhidi ya kitabu chetu cha sarufi, nikaambiwa natafuta fujo."

Baada ya hapo nilianza kusoma ambayo hayakuwa katika orodha ya mwalimu. Nilisoma jinsi Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1960 ilivyokifanya Kiasamia lugha rasmi ya jimbo lote, lililokuwa wakati huo na watu wa milimani na pia bonde la Barak linalosema Kibengali. Tarehe 19 Mei 1961, katika kituo cha treni cha Silchar, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji waliodai Kibengali kitambuliwe. Watu 11 wakafa, mmoja wao msichana wa shule, Kamala Bhattacharya. Nilisoma juu ya Wabodo, walioanzisha chama chao cha fasihi mwaka 1952, wakapigania shule za lugha yao na hata mwandiko wao, hadi Kibodo kikaingizwa katika katiba ya India kwa marekebisho ya mwaka 2003. Miaka 87 tu baada ya Kiasamia kurudishiwa mahakama zake, wenyewe walikuwa wakiandika sheria iliyowafanya wengine waandamane kama walivyolalamika wao. Sisemi hivi kwa kuwahukumu. Hofu yao ya kumezwa ina sababu, na mtu aliyeumwa na nyoka hawezi kulaumiwa kwa kushtuka. Lakini nilikwenda Assam nikidhani nasoma habari za lugha iliyoonewa, kumbe nilikuwa nimesoma nusu ya kwanza.

Sasa ya mwaka 2019. Nilikuwa katika mazoezi ya ualimu, katika shule moja ya upili katika kaunti yetu ya Kilifi, nikifundisha kidato cha pili. Mimi ni Mgiryama, na takriban wanafunzi wote wa darasa lile walikuwa Wagiryama. Niliwapa insha ya kubuni: andika ngano uliyosimuliwa nyumbani. Mvulana mmoja aliandika ile aliyosimuliwa na bibi yake, juu ya ndege anayemwonya mtoto kando ya kisima. Insha ilikuwa ndefu, yenye uhai. Pale mahali pa maji palikuwa na madzi, pale pa mji palikuwa na mudzi, na ndege alipofika pa kuimba aliimba Kigiryama, beti nzima.

Nilikuwa na kalamu nyekundu na imani kubwa. Niliyazungushia duara madzi na mudzi. Nikapiga mistari miwili mshazari juu ya wimbo wote, pembeni nikaandika: "Hiki si Kiswahili. Athari za lugha ya mama!" Siku iliyofuata niliisoma sehemu ile mbele ya darasa, bila kumtaja, ila kila mtu alijua. Walicheka. Walicheka lugha waliyoamkiana nayo asubuhi ile, nami nilicheka pamoja nao, mimi ambaye bibi yangu hakuwahi kuniambia neno moja la Kiswahili maishani mwake.

Itasemwa kwamba mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa kusahihisha, na ni kweli. Mtihani wa taifa hauna huruma, na madzi haitapata alama. Wala Kigiryama si lahaja ya Kiswahili, ni dada yake katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kipokomo na Kingazija, hivyo hali yake si ile ya Kirajbongshi moja kwa moja. Haya nayajua, niliyaandika katika mitihani. Lakini kuzungushia duara neno ni kazi, na kuucheka wimbo si kazi. Sisi ambao hukasirika mtu akisema Kiswahili ni Kiarabu kilichopotoshwa, tunajua vizuri sana jinsi ya kumwambia mtoto kwamba Kigiryama ni Kiswahili kibovu.

Niliporejea mwaka 2025 nilimtafuta. Shuleni waliniambia alimaliza zamani. Nilimpata Kaloleni, anaendesha bodaboda. Alinitambua kabla sijavua kofia ya helmeti aliyonipa. "Mwalimu!" akasema kwa furaha ya kweli, na furaha ile iliniumiza kuliko kama angenuna. Alikataa nauli. Tuliketi kwenye benchi la kibanda cha chai, nikamweleza nimetoka wapi, nikamsimulia habari za Tejimola, akasikiliza hadi mwisho na akauliza kama yule mama wa kambo aliadhibiwa. Kisha nikamuuliza juu ya ile insha. Aliikumbuka. Aliyakumbuka maneno yangu ya pembeni, neno kwa neno. Daftari, alisema, liliwashiwa moto jikoni siku nyingi.

Nikamuuliza kama bibi bado anausimulia ule wimbo wa ndege. Bibi alifariki mwaka 2023. Tukajaribu sisi wawili. Yeye alikuwa na mstari wa kwanza na nusu ya wa tatu. Aliuimba kwa sauti ya chini, akitazama barabara, kisha akanyamaza akatikisa kichwa. Nikatoa daftari nikaandika alivyouimba, madzi ikabaki madzi. Akaniuliza kama mimi sikumbuki uliobaki, maana ni mimi niliyeisoma insha ile mara ya mwisho. Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba wimbo ule niliukata bila kuusoma hadi mwisho.